Karatasi za mchele hazina kosa: dhana potofu kuhusu roli za Vietnam

Karatasi za mchele, yaani zile shiti nyembamba za kuliwa zinazokunjiwa roli za Vietnam, hulaumiwa sana: zinachanika, zinaganda vidoleni, zinakauka zikawa kama ngozi. Mara nyingi kosa ni la maji. Ama yalikuwa ya moto mno, ama karatasi ilikaa humo muda mrefu, ama yaliingia pamoja na mboga na tambi ambazo hazikuchujwa vizuri. Roli tunayoizungumzia ni gỏi cuốn, chakula cha kusini mwa Vietnam: kamba, nyama, tambi na mboga vilivyokunjwa ndani ya karatasi hiyo bila kukaangwa. Ukishaelewa maji yanavyofanya kazi ndani yake, mengine yote ni kazi ndogo.

"Zinaitwa roli mbichi, kwa hiyo kamba ni wabichi."

Kilicho kibichi ni majani na mboga tu. Kamba, nyama na tambi vyote huchemshwa kwanza. Neno "mbichi" linaitofautisha roli hii na ile ya kukaangwa, ambayo kusini huitwa chả giò na kaskazini nem rán. Wala usijaribu kutumia manda za sambusa badala ya karatasi ya mchele. Manda ni unga wa ngano unaohitaji mafuta ya moto ili uive, ilhali karatasi ya mchele iliiva kwa mvuke siku ilipotengenezwa, kisha ikaanikwa. Ile michoro ya mistari inayoonekana juu yake ni alama ya chanja za mianzi. Nyumbani unairudishia maji tu.

"Iloweke kwenye maji ya moto mpaka ilainike."

Hii ndiyo dhana inayoharibu roli nyingi kuliko zote. Maji ya moto huyeyusha wanga wa juu ukawa gundi kabla katikati hapajalainika, na karatasi iliyolainika kabisa ndani ya bakuli inaendelea kunywa maji hata ukishaitoa. Ndiyo maana inachanika ukiwa katikati ya kukunja.

Chukua sahani pana kuliko karatasi (nyingi zina kipenyo cha sentimita 22) na maji ya kawaida au ya uvuguvugu. Pitisha karatasi moja kwa sekunde 2 au 3 kila upande, itoe ikiwa bado ngumu, itikise, kisha iweke juu ya ubao uliolowanishwa au kitambaa kilichokamuliwa. Ubao mkavu utaing'ang'ania. Ndani ya nusu dakika hadi dakika moja, wakati unapanga vitu, itakuwa laini na yenye kunyumbulika. Unene hutofautiana, kwa hiyo roli ya kwanza iwe ya majaribio: kingo zikivunjika kama biskuti, umekunja mapema, ikitepeta na kuteleza, punguza sekunde.

"Ni mchele mtupu."

Soma pakiti. Nyingi zimechanganywa na wanga wa muhogo. Muhogo ukizidi, karatasi inakuwa angavu, inavutika na inanata zaidi. Mchele ukizidi, inakuwa nyeupe na inavunjika upesi. Anayeepuka ngano asiangalie karatasi peke yake, kwa sababu hoisin, sosi nzito na tamu ya Kichina ya soya ambayo roli huchovywa, mara nyingi ina ngano.

"Ukijaza zaidi ndiyo inanoga."

Ukijaza zaidi, inapasuka. Kwa roli 10 inatosha gramu 100 za tambi nyembamba za mchele zikiwa kavu, kamba 15 wa wastani, gramu 150 za nyama ya nguruwe (au kidari cha kuku kwa asiyekula nguruwe), majani 10 ya saladi, karoti moja, na nanaa na giligilani fungu moja moja.

Tambi zikiiva, suuza kwa maji baridi na uziache kwenye chujio nusu saa. Saladi ifutwe kwa kitambaa. Kamba wapasue kwa urefu ili walale bapa. Weka saladi theluthi ya chini ya karatasi, juu yake tambi kiasi cha tonge dogo, kisha nyama, karoti na majani. Kunja mara moja ukikaza, ingiza pande mbili ndani, panga vipande 3 vya kamba mbele ya mkunjo, upande mwekundu ukitazama chini, halafu maliza kukunja. Hapo wekundu wao utaonekana kupitia karatasi.

"Sosi yake halisi ni moja tu."

Kusini mwa Vietnam, gỏi cuốn kwa kawaida huchovywa kwenye sosi nzito ya hoisin na karanga, ila nước chấm, sosi nyepesi ya kuchovya yenye sosi ya samaki, nayo ni ya kwao. Ya karanga: kaanga punje 2 za kitunguu saumu zilizopondwa katika kijiko kikubwa 1 cha mafuta, tia vijiko vikubwa 4 vya hoisin, 2 vya siagi ya karanga isiyo na sukari na 6 vya maji, chemsha dakika 2. Siagi ya karanga ikikutana na maji kidogo hukaza na kuwa mabonge. Usiogope, ongeza maji na ukoroge. Epua ikiwa bado nyepesi, maana ikipoa itazidi kuwa nzito. Nyunyizia karanga zilizokaangwa na kutwangwa.

Nyepesi: yeyusha vijiko vikubwa 2 vya sukari katika 7 vya maji ya uvuguvugu, kisha tia 2 vya sosi ya samaki, 2 vya maji ya ndimu, kitunguu saumu na pilipili. Harufu kali ya sosi ya samaki haimaanishi imeoza. Ni samaki wadogo na chumvi nyingi vilivyochachuka kwa miezi.

"Nitazikunja usiku, zilale kwenye friji."

Baridi ya friji hufanya wanga ukaze, na asubuhi utakuta karatasi ngumu yenye nyufa. Andaa vya ndani usiku, kunja muda wa kula. Zikisubiri kidogo, zifunike kwa kitambaa chenye unyevu bila kugusana, maana zikigusana zinararuana. Kwenye joto la pwani, zisikae nje zaidi ya saa 2 kwa sababu ya kamba. Zilizobaki zikakaza kwenye friji, zifute unyevu wote, kisha zikaange kwa mafuta kidogo na moto wa wastani, zikiwa zimetengana, mpaka ngozi iwe kavu.