Je, wajua kwa nini mhudumu makini hurudia ulichomwambia?

Umekaa mgahawani, unaagiza: ugali na samaki wa kukaanga, mboga za majani, pilipili iwe pembeni, na maji yasiwe ya baridi. Mhudumu haondoki. Anakuangalia na kusema, "Ugali samaki wa kukaanga, mboga za majani, pilipili pembeni, maji ya kawaida. Ndiyo, kaka?" Wengi tunaitikia "eeh" huku macho yapo kwenye simu. Tunadhani ni adabu aliyofundishwa kazini, au makelele ya barabarani yamemzuia kusikia.

Kumbe sekunde hizo chache ndizo kazi yenyewe. Sahani mtu yeyote anaweza kubeba. Kazi ngumu ni kuhakikisha kwamba kile mteja alichokuwa nacho kichwani ndicho kilichofika jikoni, na hapo katikati pana njia ndefu kuliko inavyoonekana.

Tatizo huanzia kwa mteja mwenyewe, nalo ni la kibinadamu kabisa: anayesema haamini kwamba hajaeleweka. Mwaka 1990 Elizabeth Newton, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwapa watu kazi ya kugonga meza kwa vidole kufuata mapigo ya nyimbo zinazojulikana na kila mtu, huku wenzao wakisikiliza na kubahatisha ni wimbo gani. Wagongaji walikadiria kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa, zilizotambuliwa zilikuwa 3. Anayegonga anausikia wimbo mzima kichwani, ngoma na sauti za waimbaji zikiwamo. Anayesikiliza anapata ko-ko-ko tu. Jaribu hata wimbo wa taifa leo jioni nyumbani, uone utakavyomkasirikia mwenzako kwa "uzito" wake.

Mteja anayeagiza ni huyo mgongaji. Chukua fundi aliye juu ya kenchi, upepo unavuma, anapiga simu duka la vifaa vya ujenzi: "Bosi, nipakilie bati thelathini, geji ishirini na nane." Sauti inakatika kidogo, lori linapita. Muuzaji amenasa namba mbili, thelathini na ishirini na nane, lakini hana hakika ipi ni ya nini. Zinaweza kuwa bati 30 za geji 28. Zinaweza kuwa bati 28 za geji 30. Kwenye mabati, namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba, kwa hiyo akikosea hapo mteja atashushiwa mabati mepesi kuliko aliyotaka, tena pungufu mawili, na kirikuu kimeshalipwa. Nondo nazo ni hivyohivyo: "nondo kumi na mbili" ni vipande 12 au ni nondo za milimita 12? Ukiongeza kwamba thelathini na themanini, simu ikikwama katikati, zote zinaanza na kuishia sawa, utaelewa kwa nini maduka haya hayakosi ugomvi wa risiti.

Muuzaji mgeni hujibu, "Sawa fundi, inakuja." Mzoefu hujibu hivi: "Idadi thelathini, geji ishirini na nane. Rangi?" Angalia alichofanya. Hakurudia tu kama kasuku. Kila namba ameipa jina lake, halafu akauliza kile ambacho fundi hakukisema kwa sababu kichwani mwake kilikuwa wazi mno: nyumba yenyewe anaiona, upande mmoja umeshaezekwa kwa bati za kijani, ya nini kutaja rangi? Mimi nadhani faida kubwa ya kurudia iko hapo. Yale yaliyosemwa yanahakikishwa, na yale yaliyomezwa yanajitokeza.

Upande wa mhudumu nao una udhaifu wake, yaani kumbukumbu. Mwaka 1959 wanasaikolojia wa Kimarekani Lloyd na Margaret Peterson waliwasomea watu konsonanti tatu, kisha wakawaambia wahesabu kurudi nyuma kwa tatu tatu, wasipate nafasi ya kuzirudia kimoyomoyo. Zikipita sekunde 18, karibu kila kitu kimesahaulika. Konsonanti tatu tu! Sasa mfikirie mama lishe saa saba mchana. Kutoka kwenye benchi lako hadi kwenye jiko ni hatua chache, ila njiani kuna anayedai chenji, anayeomba limao, anayeuliza kama maharage yameisha. Kila mmoja wao anamfanyia kile walichofanyiwa watu wa Peterson. Ndiyo maana hurudia mbele yako kwa sauti, na akigeuka hupaza tena, "Ugali samaki moja, pilipili pembeni!" Anayepakua naye huitikia, "Samaki moja, pilipili pembeni!" Oda imepita midomo mitatu kabla ya kufika kwenye sahani, na kosa likiwapo lina nafasi ya kusikika.

Kuna na faida ya mfukoni. Nchini Uholanzi, Rick van Baaren na wenzake walimwomba mhudumu wa mgahawa mmoja ahudumie wateja kwa namna mbili. Wengine awarudilie oda yao neno kwa neno. Wengine aoneshe tu kwamba ameelewa, kwa maneno ya "sawa" au "inakuja". Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: waliorudiliwa maneno yao waliacha bakshishi kubwa zaidi. Mgahawa ulikuwa uleule, na hata mhudumu alikuwa yuleyule. Watafiti walilieleza jambo hili kama athari ya kuigwa: mtu anayesikia maneno yake yakirudi hujisikia karibu na anayeyarudisha. Kwetu bakshishi si desturi ya kila meza, lakini kila mwenye genge anajua kuna wateja wanaovuka magenge matatu kumfuata yeye, na si kwa sababu nyanya zake ni tofauti.

Waliolipa gharama kubwa kuliko wote kujifunza jambo hili ni watu wa ndege. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, Hispania, ukungu ulikuwa mzito na ndege mbili aina ya Boeing 747 zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya shirika la Pan Am la Marekani. Zote zilikuwa zimeelekezwa pale baada ya bomu kulipuka kwenye uwanja wa kisiwa cha jirani. Ndege ya KLM ilikuwa imepewa maelekezo ya njia ya kufuata ikishapaa, lakini haikuwa imeruhusiwa kupaa. Msaidizi wa rubani aliyarudia maelekezo yale redioni, akamalizia kwa maneno ambayo yangeweza kumaanisha "tuko tayari kupaa" au "tunapaa sasa". Mwongozaji wa ndege aliye mnarani alijibu "OK", kisha akaongeza kwamba wasubiri, atawaita. Wakati huohuo rubani wa Pan Am naye alibonyeza redio kusema kwamba bado wapo njiani. Sauti mbili zikagongana hewani, ukatoka mlio mkali, na kilichosikika vizuri ndani ya ndege ya KLM kilikuwa ile "OK" peke yake. Watu 583 walifariki.

Sababu za ajali ile zilikuwa nyingi, haraka ya rubani mkuu ikiwamo. Hata hivyo, lugha ya redioni ilibadilishwa baada yake. Neno la kupaa lilitengwa, lisitamkwe mpaka ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa. Na maelekezo muhimu lazima rubani ayarudie kwa vipengele vyake, naye mwongozaji asikilize marudio hayo na kusahihisha palipopindwa. "OK" na ndugu zake hazikubaliki kama jibu la agizo la namna hiyo, kwa sababu zinathibitisha kwamba mtu amesikia sauti. Amesikia nini, hazisemi.

Ukiishika tofauti hiyo, utaanza kuwaona wahudumu wazuri kila mahali. Mwangalie wakala wa pesa kwenye simu. Mteja anataka kumtumia dada yake laki mbili, anataja namba, wakala anaiandika. Jina la mpokeaji linatokea kwenye kioo. Wakala mmoja atasema, "Asha Juma, siyo mama?" na mama, aliyechoka na foleni, atajibu "eeh" hata kama hakusikia vizuri. Mwingine atauliza, "Mama, jina la anayepokea nani?" na kulinganisha na anachokiona. Swali la kwanza linaalika "ndiyo", la pili linamlazimu mteja alitoe jina mwenyewe, na namba ikiwa imekosewa tarakimu moja itajulikana palepale. Pesa ikishaenda kwa mtu asiyehusika, kuirudisha ni safari nyingine.

Hospitalini kanuni hii imeandikwa kabisa. Katika orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, hatua ya mwanzo, kabla ya sindano ya usingizi, ni mgonjwa mwenyewe kuthibitisha yeye ni nani, anafanyiwa upasuaji gani na sehemu ipi ya mwili. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi nane, na moja ilikuwa Ifakara, mkoani Morogoro. Katika hospitali hizo kwa pamoja, vifo vya waliofanyiwa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Sisemi ni kwa swali hilo moja, orodha ina vipengele 19. Lakini inavutia kwamba miongoni mwa vitu vilivyowekwa kwenye chumba chenye mashine za bei mbaya, kipo cha kumwambia mtu, "Hebu tutajie jina lako."

Dirisha la dawa ndipo ningependa jambo hili lishike zaidi. Mtu mzima akipewa dawa ya mseto ya malaria, humeza vidonge vinne, kisha vinne vingine baada ya muda wa saa nane, halafu vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mtoa dawa akisema kwa haraka, "Dozi ya pili umeze baada ya saa nane," mgonjwa anaweza kabisa kuelewa kwamba mchana ukipita saa nane, ameze. Kama dozi ya kwanza ameimeza saa sita, ameharibu. Kosa si lake, na mtoa dawa naye amesema sawasawa. Kumuuliza "Umeelewa, mzee?" hakusaidii chochote: mzee ataitikia, kwa heshima na kwa kutotaka kuonekana hajui. Kinachosaidia ni, "Mzee wangu, hebu nielezee utakavyozimeza ukifika nyumbani, nione kama nimekueleza vizuri." Mzigo umehamia kwa mtoa dawa, mzee hana cha kuona aibu, na hiyo saa nane yake itajulikana kabla hajashika njia.

Si kila kurudia ni huduma, lakini. Kuna kurudia kwa mazoea, kama wimbo, na kila aliyewahi kupiga simu ya huduma kwa wateja anaujua: "Pole sana kwa usumbufu, tumelipokea lalamiko lako na linafanyiwa kazi." Hapo hakuna hata neno moja la mteja. Mteja mwenye hasira akisikia sentensi hiyo huanza upya, kwa sauti ya juu zaidi, na mhudumu humwona mkorofi. Kumbe anafanya jambo la busara tu: hana ushahidi kwamba yamefika, basi anayatuma tena. Mhudumu akimwambia, "Dada, umelipia king'amuzi tangu Ijumaa, leo Jumatatu chaneli hazijafunguka, na hii ni mara ya pili kupiga. Nimeacha kitu?" hasira nyingi hupungua hapohapo, hata kabla chaneli moja haijarudi. Maneno ni yake, siku ni zake. Kama kuna kilichoachwa atakitaja, na mara nyingi hicho kilichoachwa ndicho kilichomuudhi kweli: kwamba mara ya kwanza alipopiga alikatiwa simu.

Hata hivyo mhudumu asirudie kila kitu. Anayenunua soda moja na kusikia "Soda moja, dada?" atakuona una matatizo. Kwa kawaida panapotakiwa marudio ni kwenye majina, namba, saa, mahali pa kufikisha mzigo, na lolote lenye "usi": usiweke, usikate, usimpe mtu mwingine. Kipande hicho kidogo kikimezwa, agizo zima linageuka.

Wauzaji wa WhatsApp wamekutana na tatizo hili upya. Mteja anatuma ujumbe wa sauti wa dakika mbili: gauni la bluu, si ile bluu ya juzi, saizi ya dada yake, aletewe kazini, hapana, bora nyumbani. Muuzaji anajibu kwa dole gumba, ambalo ni "OK" ya kizazi hiki. Waliokwishachomwa na marejesho wana utaratibu mwingine. Wanasikiliza mpaka mwisho, kisha wanaandika mistari mitano: gauni la bluu iliyokolea, saizi 14, Tabata, kesho kabla ya saa kumi jioni, malipo akipokea. Mteja akijibu kwamba saizi ni 12, inarekebishwa. Akiandika "sawa", ndipo bodaboda anapigiwa simu.