OCD: mkipige kichwa picha, hamtaiona

Ndugu wanaomleta mgonjwa wa OCD, ugonjwa wa akili wa mawazo ya kung'ang'ania na vitendo vya kurudia, kliniki hapa Moshi mara nyingi huwa wameshapita kwenye maombi, au kwa shehe kama shida ni kurudia udhu. Wakifika kwangu wanataka kipimo: "Dokta, mpige picha ya kichwa tujue moja." Kwa kawaida siandiki. Hakuna picha wala kipimo cha damu kinachothibitisha OCD. Tunaitambua kwa maelezo: mawazo asiyoyataka yanamganda, naye anarudia vitendo fulani ili apate ahueni ya muda mfupi.

Ubongo unahusika, tena sana. Tafiti zilizolinganisha picha za wagonjwa na za watu wengine zimeonyesha mara nyingi kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo juu ya macho, hufanya kazi kupita kiasi. Sehemu hiyo hupima makosa na hatari. Hupeleka taarifa ndani, kwenye kiini kiitwacho kodati, kisha zinapita kituo kingine cha ndani, thalamasi, na kurudi mbele. Inadhaniwa kodati ndiyo huchuja: mlango umefungwa, endelea na safari. Mchujo ukilegea, tahadhari inazunguka bila kuzima, kama honi ya bodaboda iliyokwama. Mgonjwa anaiona kufuli kwa macho yake na bado moyo haukubali. Kumwambia "si umeshafunga?" ni kazi bure, kujua anajua.

Serotonini, kemikali ya kupelekeana ujumbe ubongoni, ndiyo tunayoirahisisha mno, hata sisi madaktari, tukisema OCD ni upungufu wake tu. Dawa za fluoksetini na klomipramini husaidia, na zote hugusa serotonini. Lakini huigusa mapema, ilhali nafuu huweza kuchukua wiki 8 hadi 12, mara nyingi kwa dozi kubwa kuliko ya sonona. Upungufu mtupu ungejazwa mapema zaidi.

Urithi upo pia, ila hakuna jeni moja ya kunyooshea kidole, kwa hiyo ule ugomvi wa "hii imetoka ukoo wa mama yake" uishie nje ya mlango wangu. Kwa mtoto aliyeanza ghafla, nauliza kama aliumwa koo. Mwaka 1998 mtafiti Susan Swedo na wenzake walieleza watoto ambao dalili zao zilifuata maambukizi ya streptokoka, bakteria wanaoweza kuumiza koo. Wataalamu bado wanabishana kuhusu hilo, lakini swali lenyewe halina gharama.

Kisha huja swali ninalolipenda: "Kama ni ubongo, mbona unamwambia ashike kitasa cha choo asinawe?" Mwaka 1992, mtafiti Lewis Baxter na wenzake huko Marekani waliwapiga picha wagonjwa kabla na baada ya matibabu. Wengine walimeza fluoksetini, wengine walipata tiba ya tabia bila dawa, yaani mazoezi ya kukabili anachokiogopa mtu bila kurudia kile kitendo chake. Kwa waliopata nafuu katika makundi yote mawili, kodati ya kulia ilikuwa imetulia. Zoezi la kitasa, basi, linafanya kazi kwenye ubongo uleule. Tunaanza na kitu chepesi, pengine noti aliyorudishiwa chenji sokoni Mbuyuni, na tunapanda taratibu. Nyumbani nawaomba ndugu jambo moja: akiuliza mara ya pili kama jiko limezimwa, wasimjibu, maana jibu nalo ni ile ahueni ya muda mfupi.