Viza ya Georgia Si Viza ya Umoja wa Ulaya: Ufafanuzi kwa Wanafunzi na Wasafiri

Tangu Mfumo wa Kuingia na Kutoka wa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, ulipoanza kutumika hatua kwa hatua tarehe 12 Oktoba 2025, malalamiko yanayofika kwenye dawati letu kutoka kwa wanafunzi na wasafiri waliokwenda Georgia, Moldova na Armenia yamebadilika sura. Awali wengi waliuliza namna ya kuendelea na safari hadi Poland au Ujerumani. Sasa wanaandika wakiwa tayari wamezuiwa, wakitaka tuwasaidie kuthibitisha kwamba nchi waliyomo “imeshaingia Ulaya”. Hatuwezi kuthibitisha jambo ambalo halipo, na ni vyema lieleweke kabla ya tiketi kukatwa.

Mkanganyiko huu una chanzo chake. Mwaka 2009, mjini Prague, Umoja wa Ulaya ulizindua Ushirikiano wa Mashariki pamoja na nchi sita: Armenia, Azerbaijan, Belarus, Georgia, Moldova na Ukraine. Wazo lilitoka Poland na Sweden, na halikuahidi uanachama. Liliahidi biashara, misaada ya mageuzi na urahisi wa safari kwa raia wa nchi hizo. Sita hao hawakubaki pamoja. Georgia, Moldova na Ukraine zilikamilisha utiaji saini wa Mikataba ya Ushirika Juni 2014, yenye eneo huria la biashara ndani yake. Armenia iliachana na mkataba wa aina hiyo mwaka 2013, ikajiunga na Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia unaoongozwa na Urusi, kisha ikasaini mkataba mwepesi zaidi na Umoja wa Ulaya mwaka 2017. Belarus ilisimamisha ushiriki wake Juni 2021. Kwa hiyo mtu anaposema “nchi za mashariki zina makubaliano na Ulaya” amesema kweli, ila hajasema lolote litakalomsaidia mpakani.

Uvamizi wa Urusi wa Februari 2022 ndio ulioleta neno “mgombea”, yaani nchi iliyokubaliwa rasmi kuwania uanachama, katika mazungumzo ya watu. Ukraine iliomba uanachama siku nne baada ya uvamizi kuanza. Georgia na Moldova zikafuata tarehe 3 Machi. Ukraine na Moldova zilipewa hadhi ya mgombea Juni 2022 na kufungua mazungumzo rasmi Juni 2024. Georgia ilipewa hadhi hiyo Desemba 2023, lakini mwishoni mwa Novemba 2024 serikali yake ilitangaza kwamba haitaweka suala la kufungua mazungumzo kwenye ajenda hadi mwisho wa 2028, na maelfu ya watu wakaingia mitaani Tbilisi, mji mkuu wake, kuupinga uamuzi huo. Nchini Moldova, kura ya maoni ya Oktoba 2024 kuhusu kuliandika lengo la uanachama katika katiba ilipita kwa tofauti ndogo mno. Hakuna hata moja kati ya hizi ambayo ni mwanachama, wala hakuna tarehe ya kujiunga iliyowekwa kisheria. Uturuki ni mgombea tangu 1999. Croatia, mwanachama wa mwisho kupokelewa, ilianza mazungumzo 2005 ikaingia Julai 2013, na hiyo ni nchi ambayo mambo yake yalikwenda vizuri. Kila hatua huhitaji ridhaa ya wanachama wote 27.

Tunaelezwa pia kwamba bendera ya nyota kumi na mbili inapepea Tbilisi na Chișinău, mji mkuu wa Moldova. Inapepea, ni kweli. Bendera hiyo ilianza kuwa ya Baraza la Ulaya mwaka 1955, chombo tofauti kinachoshughulika zaidi na haki za binadamu, ambacho Georgia, Moldova na Ukraine ni wanachama wake kamili. Umoja wa Ulaya uliichukua baadaye. Bendera haifungui mpaka.

Sasa tuje kwenye viza, ambako ndiko fedha za watu zinakopotelea. Raia wa Moldova tangu Aprili 2014, raia wa Georgia tangu Machi 2017 na raia wa Ukraine tangu Juni 2017 wanaruhusiwa kuingia eneo la Schengen bila viza kwa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180, mradi wawe na pasipoti ya kibayometriki. Haki hiyo imefungwa kwenye uraia. Haitokani na ardhi ya nchi, haitokani na uwanja wa ndege ulioondokea, na haihamii kwa mgeni mwenye kibali cha ukaazi cha Georgia, hata awe ameishi Batumi miaka sita akisomea udaktari. Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mrundi, Mnyarwanda au Mkongomani aliyeko Tbilisi anahitaji viza ya Schengen sawasawa na aliyeko Mombasa au Bukavu. Wasomaji wetu wa Afrika Mashariki hawana sababu ya kulishangaa jambo hili: viza ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda haimwingizi mgeni Tanzania, ingawa Tanzania nayo ni mwanachama wa Jumuiya.

Wengine wameelewa kinyume kabisa. Georgia na Moldova zimekuwa zikimpokea, kwa masharti yake, mgeni mwenye viza au kibali halali cha nchi za Schengen bila kumtaka viza nyingine. Wakala akikwambia “viza hizi zinaingiliana”, amechukua kanuni inayotoka magharibi kwenda mashariki akaigeuza.

Lipo jambo ambalo mawakala hawalitaji na ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zito kuliko yote. Uhuru huo wa viza ulikuwa na bei. Kabla ya kuupata, kila nchi ilipewa mpango wa utekelezaji wenye masharti kuhusu usalama wa hati, ulinzi wa mipaka, uhamiaji, utulivu wa nchi na haki za msingi. Na ilikuwa imekwisha kusaini makubaliano ya kuwapokea tena watu wanaorudishwa kutoka Umoja wa Ulaya. Makubaliano hayo yalianza kutumika kwa Moldova na Ukraine Januari 2008, na kwa Georgia Machi 2011. Hayahusu raia wao peke yao. Kwa masharti yaliyowekwa, yanahusu pia mgeni wa nchi ya tatu aliyepitia kwao akaingia Umoja wa Ulaya bila ruhusa. Hivyo Mtanzania anayevuka mto Prut kutoka Moldova kuingia Romania kinyume cha sheria anaweza kurudishwa Moldova kwa utaratibu ulioandikwa miaka mingi iliyopita, na Moldova ina kila sababu ya kuutekeleza, kwa kuwa kuulegeza kunaweza kuwagharimu raia wake uhuru wao wa kusafiri. Anayedhani kwamba nchi jirani ya Umoja wa Ulaya ni mahali ambapo ulinzi umelegea ameisoma ramani vibaya.

Adhabu nazieleza kwa kirefu kwa sababu watu huzisikia wakiwa wamechelewa. Anayekutwa ndani ya nchi ya Schengen bila haki ya kukaa hupewa uamuzi wa kurejeshwa. Kwa kawaida hupewa muda wa siku 7 hadi 30 kuondoka kwa hiari, lakini muda huo unaweza kufupishwa au kunyimwa kabisa endapo kuna hatari ya kutoroka, endapo ombi lake limekataliwa kwa udanganyifu au halina msingi kabisa, au endapo anahesabiwa kuwa tishio kwa usalama. Anayenyimwa muda huo, au asiyeutii, huambatanishiwa marufuku ya kuingia, ambayo kwa kawaida haizidi miaka mitano na ambayo huonekana kwa nchi zote za Schengen, si ile iliyoitoa tu. Anaweza pia kuwekwa kizuizini akisubiri kuondolewa, hadi miezi sita, na katika mazingira maalumu hadi miezi kumi na minane. Mfumo mpya wa Kuingia na Kutoka hautumii muhuri kama kumbukumbu yake kuu. Unahifadhi taarifa za pasipoti, picha ya uso, tarehe ya kuingia na ya kutoka, pamoja na kila kukataliwa mpakani. Kumbukumbu za kawaida hudumu miaka mitatu, na za mtu ambaye kutoka kwake hakukurekodiwa hudumu miaka mitano. Kubadilisha pasipoti hakufuti uso wala alama za vidole, na tunaomba wanaoendelea kutuuliza swali hilo waache.

Njia halali ipo. Mkaazi halali wa Georgia au Moldova anaweza kuwasilisha ombi la viza ya Schengen hukohuko, kwenye ubalozi wa nchi anayokusudia kukaa muda mrefu zaidi au mwakilishi wake, kuanzia miezi sita kabla ya safari na, kwa kawaida, si chini ya siku 15 kabla yake. Ada ya mtu mzima ni euro 90 na hairudishwi ombi likikataliwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki halali kwa miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, zinazoweza kufikia 45. Ukikataliwa utapewa fomu yenye sababu na maelezo ya kukata rufaa. Isome fomu hiyo kabla ya kutuandikia.

Wakongomani na Wasomali waangalie pia safari za kuunganisha. Nchi zao zimo katika orodha ya pamoja ya zile ambazo raia wake huhitaji viza ya kupita uwanja wa ndege, hata kama abiria hatoki eneo la kimataifa la Frankfurt au Paris akielekea Chișinău. Kibali cha ukaazi cha Moldova hakimwondolei sharti hilo. Wapo waliozuiwa kupanda ndege kwa kutojua.

Kuhusu waliokuwa Ukraine: ulinzi wa muda uliotangazwa na Umoja wa Ulaya Machi 2022 kwa waliokimbia vita uliwahusu raia wa Ukraine, wakimbizi waliokuwa wakilindwa huko, jamaa zao wa karibu, na wageni wenye ukaazi wa kudumu wasioweza kurudi kwao salama. Wanafunzi wenye vibali vya muda hawakuwa na haki hiyo moja kwa moja. Kila nchi iliachiwa iamue. Uholanzi iliwajumuisha, kisha ikaamua kuwaondoa, na Desemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema nchi iliyotoa ulinzi huo kwa hiari yake inaweza kuusitisha. Hukumu hiyo iliwaumiza vijana wa Kiafrika wengi ambao walikimbia mabomu yaleyale, na sioni haja ya kulificha hilo, lakini ndiyo sheria ilivyo.

La mwisho ni vyeti. Georgia, Moldova, Ukraine na Armenia zimo katika mchakato wa Bologna, mpango wa nchi za Ulaya wa kulinganisha elimu ya juu, tangu 2005, kwa hiyo mfumo wao wa digrii na uhesabuji wa masomo unaeleweka katika vyuo vya Ulaya. Kukubaliwa kuendelea na masomo ni jambo moja. Kuruhusiwa kutibu wagonjwa ni jingine. Utaratibu wa kutambuliana moja kwa moja kwa madaktari, wauguzi na wafamasia unahusu waliohitimu ndani ya Umoja wa Ulaya na nchi chache zilizoungana nao. Mhitimu wa Tbilisi atatathminiwa na nchi husika, mara nyingi kwa mtihani wa taaluma na wa lugha, na anayekusudia kurudi nyumbani atapitia taratibu za nchi yake: kwa Tanzania, ithibati ya tuzo kutoka Tume ya Vyuo Vikuu, kisha masharti ya baraza la taaluma yake. Ulizia huko jina la chuo kabla ya kulipa ada ya muhula wa kwanza, na umtake wakala akupe kwa maandishi kila anachoahidi kuhusu viza. Akikataa kuandika, usimkabidhi pasipoti yako.