Sarafu inayometa si lazima iwe bora

Baadhi ya wanaouza sarafu za kale mtandaoni kutoka Kisumu na Kakamega huzisugua kwanza kwa ndimu au majivu, ndipo wazipige picha. Wanunuzi nao huamini inayometa ndiyo iliyotunzwa vizuri. Kwa mkusanyaji, mambo ni kinyume kabisa: kusugua huondoa tabaka jembamba la uso, na halirudi tena. Kampuni za kupima ubora wa sarafu kama NGC na PCGS hutumia kipimo cha 1 hadi 70 (70 ndiyo bora kabisa), lakini sarafu iliyosuguliwa vibaya kwa kawaida hunyimwa namba, hata kama maandishi yote yanasomeka.

Chukua shilingi za Afrika Mashariki zenye simba, zilizoanza kutolewa 1921. Za hadi 1946 zina madini ya fedha robo tu, kwa hiyo ukijivu au hudhurungi kidogo ni kawaida kwa umri wake. Ukiiona nyeupe pee kama sufuria mpya huku manyoya ya simba yamelainika, jua imezunguka mifukoni miaka mingi, kisha ikasuguliwa juzi. Tazama pia uchafu uliobaki kandokando ya herufi, na mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja.

Mng'ao halisi wa kiwandani hutoa miale inayozunguka sarafu inapoinamishwa chini ya taa. Wa kusugua hautembei. Picha moja haiwezi kuonyesha hilo, kwa hiyo omba video fupi. Muuzaji akikataa, mimi hutoa bei ya madini ya fedha yaliyomo tu, ambayo si nyingi.