Damu kuganda wakati wa matibabu ya uvimbe wa ubongo: maswali na majibu

Swali: Mama yetu alifanyiwa upasuaji wa glioblastoma, aina ya saratani ya ubongo, na sasa anameza temozolomaidi, dawa ya saratani hiyo. Je, dawa hii ndiyo inayogandisha damu?

Jibu: Mkosaji mkuu ni uvimbe wenyewe. Seli nyingi za glioblastoma hubeba protini iitwayo podoplanini, ambayo huzifanya chembe sahani za damu (zile zinazosaidia damu kuganda) zishikane, na juu ya hilo huja upasuaji, kulala kitandani kwa muda mrefu na mguu uliopooza ambao hausukumi damu kurudi moyoni. Ndiyo maana kati ya wagonjwa 10 wa aina hii, wawili hadi watatu hupata bonge la damu katika kipindi cha ugonjwa. Kati ya dawa za saratani hii, bevasizumabu ndiyo inayohitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa inaweza kuchangia kuganda kwa damu na pia kuvuja kwake.

Swali: Tutalitambuaje bonge hilo?

Jibu: Kila jioni mlaze mama, mfunue miguu yote miwili, kisha mlinganishe. Mashavu ya miguu yakitofautiana unene, au mguu mmoja ukiwa na joto, maumivu au wekundu (kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo tumieni kiganja), mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Tafadhali msiuchue mguu huo kwa mafuta wala dawa ya kuchua, hata kama jirani amesema ni baridi tu, kwa sababu bonge linaweza kung'oka na kwenda kuziba mishipa ya mapafu. Akianza ghafla kuhema, kuumwa kifua, kukohoa damu au kuzirai, hiyo ni dharura, hata usiku wa manane.

Swali: Kwa nini basi asipewe mapema dawa za kuzuia damu kuganda?

Jibu: Baada ya upasuaji, madaktari wengi huzitoa kwa muda mfupi, lakini kuziendeleza kwa miezi mingi kwa mtu asiye na bonge huongeza hatari ya damu kuvuja ndani ya ubongo. Temozolomaidi nayo hupunguza chembe sahani, hasa katika wiki ya tatu na ya nne ya mzunguko, na zikishuka chini ya 50,000 kwa mikrolita daktari hulazimika kupunguza au kusimamisha dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa hiyo msiruke kipimo cha damu, wala msimnunulie aspirini dukani. Bonge likithibitishwa, wagonjwa wengi hutibiwa, mara nyingi kwa sindano ya enoksaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, chini ya ngozi ya tumbo. Uvimbe wa ubongo peke yake si sababu ya kunyimwa tiba hiyo.

Swali: Tunatoka Mbeya kwa basi hadi Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi. Tufanye nini?

Jibu: Mwambieni daktari kabla ya safari. Njiani anywe maji, akunje na kukunjua nyayo kila baada ya muda mfupi, na basi likisimama ashuke atembee akiwa ameshikwa mkono. Mguu uliopooza mumkunjie ninyi, taratibu, kwenye kifundo.