Mtandao kugoma sio kukataliwa: maneno ya mtaani kuhusu hela za kukosa kazi Marekani

Kila kiwanda au ghala likipunguza watu huku Marekani, iwe Columbus, Louisville au Dallas, magrupu ya WhatsApp ya Waswahili yanajaa maneno yale yale. Eti sistimu ya kuomba hela za kukosa kazi haitaki wageni, eti ikishaona jina geni inakutema, bora uende zako katafute kazi nyingine usijisumbue. Kutafuta kazi sawa, hata sheria inakutaka utafute. Ila wengi wanaosema walikataliwa, waulize barua ya kukataliwa iko wapi, hawana. Skrini iligoma, wakaona hilo ndo jibu. Na ile hela wala sio msaada wa huruma, ni bima, karibu majimbo yote mwajiri ndo anailipia kodi, kwa hiyo muda wote uliokuwa unabeba maboksi usiku kuna mtu alikuwa anachangia kwa ajili ya siku kama hii.

Kitu kimoja kabla hatujaenda mbali: tangu sheria ya 1935 kila jimbo linaendesha mfumo wake lenyewe, tovuti yake, siku zake, masharti yake. Usichukue maelekezo ya shemeji yako wa Ohio ukayatumia Texas kama yalivyo.

"Imenigomea kwenye skrini, basi nimekataliwa"

Hapana. Kukataliwa kunakuja kwa barua, ya posta au ndani ya akaunti yako, ina tarehe, ina sababu, na inakwambia unakata rufaa vipi na mpaka lini. Maandishi mekundu, kile kiduara kinachozunguka hakiishi, ukurasa mweupe, hiyo ni mashine tu imechoka. Na inachoka kwa wote. Florida walizindua mfumo wao 2013 kwa karibu dola milioni 77, korona ilipoingia 2020 ukazidiwa kabisa mpaka jimbo likarudi kwenye fomu za karatasi, watu wakapanga foleni mji wa Hialeah kuzichukua, na jimbo zima waligomewa hata wazawa wenye Kiingereza chao. Mwezi wa nne mwaka huo huo gavana wa New Jersey alisimama kuomba watu wa kujitolea wanaojua COBOL, lugha ya komputa ya tangu 1959, maana mitambo ya jimbo ilikuwa bado inaendeshwa nayo. Kwa hiyo ukiona inasuasua usijipe ugonjwa wa moyo, sio jina lako.

Cha kufanya ni hiki. Kama unatumia simu hamia komputa, laibrari wanazo bure na zile ofisi zinazoitwa American Job Center pia wanazo na kuna mtu wa kukuelekeza. Badilisha brauza. Zima ile tafsiri ya otomatiki inayogeuza ukurasa kuwa Kiswahili, wakati mwingine inavuruga fomu, unabonyeza kitu hakibonyezeki. Usirudi nyuma kwa mshale wa brauza, tumia vitufe vya ndani ya fomu yenyewe. Na andika kila kitu kwenye karatasi kabla hujaanza, majina na anwani za waajiri wa mwaka mmoja na nusu uliopita, tarehe ulizoanza na ulizotoka, namba ya sosho (Social Security), namba ya A kwenye kadi yako ya uhamiaji, kwa sababu ukiinuka kwenda kuitafuta kwenye begi dakika ishirini unakuta imekutoa na umepoteza ulichojaza. Angalia pia saa, majimbo mengi yanafunga mfumo usiku au wikendi kwa matengenezo na wanaandika pale pale mbele, watu hawasomi.

Ikiendelea kugoma piga skrini shoti inayoonyesha tarehe na saa. Hii watu wanaidharau sana. Kwa kawaida dai linaanza kuhesabiwa kutoka mwanzo wa wiki uliyotuma, ukichelewa wiki mbili kwa sababu ya mtandao ni wiki mbili zimekwenda, ila unaweza kuomba warudishe tarehe nyuma kama una sababu ya maana, na ile picha ndo sababu yenyewe. Mwenye maneno matupu hana kesi.

"Subiri wakupitishe kwanza ndo uanze kujaza za kila wiki"

Huu uongo naona ndo umekula hela nyingi za watu kuliko wote, na unasambazwa na watu wazuri tu wenye nia njema. Kuomba ni mara moja. Alafu kuna kujaza wiki, yaani unaingia kila wiki (California na Texas kila wiki mbili) unajibu maswali: ulikuwa mzima wa kufanya kazi, ulitafuta kazi, ulipata kibarua chochote. Hii unaijaza hata kama dai lako bado linasoma "Pending", hata kama umekata rufaa, hata kama huoni senti. Ukishinda kesi baada ya miezi miwili wanakulipa zile wiki ulizojaza. Ambazo hukujaza ni kama hukuwepo.

Na "Pending" yenyewe maana yake wanasubiri kitu, mara nyingi wanamsubiri mwajiri wako wa mwisho ajibu. Kipimo cha serikali kuu kwa majimbo ni kwamba 87% ya malipo ya kwanza yatoke ndani ya siku 14 au 21 kutegemea na jimbo. Kwa hiyo wiki ya kwanza kimya sio ajabu, ya tano ndo unaanza kupiga simu. Weka alamu kwenye simu, siku moja ya wiki, saa moja. Uangalie pia wiki yao inaanza lini, majimbo mengi ni Jumapili mpaka Jumamosi ila New York ni Jumatatu mpaka Jumapili.

Kingine hapo hapo: kibarua ulichofanya unakiandika kwenye wiki uliyokifanya, sio wiki ya cheki kuingia, na unaandika hela kabla ya makato. Ukiandika ile iliyoingia benki namba hazitaoana na za mwajiri, alafu unaitwa mwongo.

"Inatukataa kwa sababu ya majina yetu"

Hapa kuna ukweli kidogo ndani ya uongo, ngoja tukae hapa. Mashine haijui wewe ni Mfulero au Mpare, inachojua ni herufi kuoana. Tuseme unaitwa Amisi Bahati Juma. Kadi ya sosho imeandika Amisi mwanzo na Juma mwisho. Kazini yule dada wa ofisini alikuandika Bahati kama jina la ukoo. Kadi ya kazi ya uhamiaji imebandika Amisi Bahati pamoja kama jina la kwanza. Sasa wewe unaomba kwa jina unaloitwa kanisani! Mfumo unatafuta mishahara yako haupati, unakuletea karatasi inayosema kipato chako ni sifuri, na unaanza kusema wamekunyima. Hawajakunyima, hawajakuona. Omba kwa jina kama lilivyo kwenye kadi ya sosho, herufi kwa herufi, na ile karatasi ya sifuri ikija ijibu ndani ya muda ulioandikwa, ambatanisha pesilipu na W-2, ile karatasi ya mshahara wa mwaka mzima anayokupa mwajiri, waambie mshahara wangu uko chini ya jina hili. Kama ulifanya kazi jimbo jingine kabla ya kuhama sema pia, haujitokezi wenyewe.

Tarehe nayo. Sisi tunaandika siku kwanza, wao mwezi kwanza. Umezaliwa tarehe 7 mwezi wa 3 ukaandika 07/03, kwao umezaliwa mwezi wa saba na haufanani na mtu yeyote kwenye rekodi zao. Aliyezaliwa tarehe 25 ana bahati, fomu inamkatalia pale pale anashtuka, ila wa tarehe 12 kushuka chini inapita kimya kimya na inakuja kumlipukia baadaye. Na wale ambao kambini mliandikiwa 01/01, basi 01/01 ndo yako kwenye kila fomu, hata kama mama anajua ulizaliwa wakati wa mavuno, usianze kurekebisha historia kwenye fomu ya kuomba hela.

Alafu kwa sisi ambao sio raia, jimbo linaangalia ruhusa ya kufanya kazi kupitia mtambo wa uhamiaji unaoitwa SAVE. Mtambo usipokutambua mara ya kwanza haimaanishi mwisho, kesi inapandishwa ikaangaliwe na mtu. Unachotakiwa ni kupakia picha ya kadi, mbele na nyuma, pembe zote nne zionekane, taa ya dari isimulike juu ya namba. Kama kadi iko kwenye kubadilishwa pakia na risiti yake.

"Mpe fulani akujazie, ana komputa na Kiingereza chake kizuri"

Akusaidie, ndiyo. Ila asitumie imeli yake na namba yake ya simu. Kila mtaa wetu una kaka mmoja mwema kama huyo, na imeli ya huyo kaka imefungua akaunti za nusu ya kanisa. Wakaguzi wa Wizara ya Kazi ya Marekani walipochunguza wizi wa kipindi cha korona walitaja alama nne, namba moja ya sosho kudai kwenye majimbo mengi, namba za marehemu, za wafungwa, na imeli zenye kutia shaka. Kwa hesabu yao ya mwezi wa 9 mwaka 2022 malipo yenye alama hizo yalifika dola bilioni 45.6. Tangu hapo mashine zimekuwa kali, imeli moja au akaunti moja ya benki ikiwa na watu sita wote wanasimamishwa, pamoja na mama mjane asiyejua hata imeli ni nini. Fungua imeli yako mwenyewe, paswedi iandike kwenye daftari la nyumbani, na ukiisahau bonyeza pale pa kurudisha. Usifungue akaunti ya pili. Akaunti mbili za mtu mmoja ndo tatizo jipya kabisa.

Na akikuchaji? Kuomba ni bure. Tovuti ya jimbo kwa kawaida inaishia na .gov, linki ya kwenye meseji inayosema bonyeza hapa hela yako iko tayari, futa.

"ID.me ikikataa sura yako hamna njia"

Majimbo kadhaa yanatumia hii kampuni kuhakikisha wewe ni wewe. California waliingia nayo 2020, mpaka wakasimamisha kupokea maombi mapya kwa wiki mbili wakijipanga. Mambo ya kusoma uso yana malalamiko mengi, mwanzoni mwa 2022 hata watu wa kodi, IRS, walirudi nyuma wakaacha kuwalazimisha wananchi baada ya kelele. Selfi ikikataa kuna njia ya kuongea na mtu kwa video, unashika vitambulisho mbele ya kamera, na baadhi ya majimbo yanakuruhusu uende posta na kitambulisho chako ukahakikiwe kaunta. Namba ya simu ya kwenye apu ya intaneti mara nyingi haikubaliki, tumia laini halisi.

"Komputa imesema nimeiba, komputa haikosei"

Waulize watu wa Michigan. Mfumo wao ulioitwa MiDAS, kati ya 2013 na 2015, ulituhumu watu wapatao 40,000 kwamba wamedanganya. Jimbo lilipokuja kurudia kesi zilizoamuliwa na mashine peke yake, 93% zilikuwa makosa. Watu walikuwa wameshakatwa mishahara na marejesho ya kodi, wengine wamefilisika, kesi ikaenda mahakamani na 2022 jimbo likakubali kulipa dola milioni 20. Angalia walivyonaswa: maswali yalitumwa ndani ya akaunti za mtandaoni, wenye akaunti walishapata kazi na hawakuwa wanaingia tena, siku zikapita, kimya chao kikahesabiwa ni kukiri.

Hilo la kimya linatuhusu. Ukichagua mawasiliano ya mtandaoni barua haiji nyumbani, inakaa ndani ya akaunti, na siku za rufaa zinahesabiwa kutoka siku ilipotumwa. Texas ni 14, Ohio 21, California 30. Ingia hata kama huna cha kujaza, usome, na usichoelewa ukipeleke kwa mtu kabla siku hazijaisha.

"Bila Kiingereza usipige simu"

Piga. Ofisi nyingi zina wakalimani wa kwenye simu na hulipi. Ukipata mtu sema tu "Swahili", subiri, usikate hata kama kimya kimekuwa kirefu, wanaunganisha. Jumatatu asubuhi ni vurugu, jaribu katikati ya wiki.

"Nikienda nyumbani mwezi mmoja nitajazia huko huko"

Tovuti nyingi zinafunga mtu akiingia kutoka nje ya nchi, na wanaotumia VPN, ile apu ya kuficha uko nchi gani, wanajikuta wamewekewa alama ya wizi. Hata ikifunguka bado hustahili, maana swali la kila wiki linauliza kama ulikuwepo tayari kuanza kazi, na wewe uko Kigoma. Wakigundua baadaye unarudisha na faini juu. Wiki za safari ziache, na ukirudi fungua tena dai lako lile lile kama mwaka wake haujaisha, usianzishe jipya, na ufanye hivyo wiki ile ile uliyotua.