Mganga Mkuu wa Wilaya si mkubwa wa hospitali

Juzi nimekutana na kosa lile lile tena, safari hii kwenye kichwa cha habari: "Mganga Mkuu wa Hospitali ya Wilaya". Cheo hicho hapa Tanzania Bara hakipo. Lakini kinatajwa redioni, kinatajwa kwenye mikutano ya hadhara, kinaandikwa kwenye barua za malalamiko, na kinachoniuma zaidi, kimo vichwani mwa madaktari vijana wanaopanga maisha yao ya kazi serikalini.

Maana yenyewe ni fupi. Mganga Mkuu wa Wilaya, au wa Halmashauri kama nyaraka nyingi zinavyomwandika siku hizi, ndiye DMO wa mazungumzo ya kila siku. Ni mtaalamu anayesimamia afya ya watu wote wa halmashauri moja, pamoja na huduma zinazotolewa katika vituo vyote vilivyomo. Anawajibika kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Kitaalamu, juu yake yuko Mganga Mkuu wa Mkoa, ambaye amekaa kwenye Sekretarieti ya Mkoa chini ya Katibu Tawala. Juu kabisa, Wizara ya Afya, yuko Mganga Mkuu wa Serikali, anayeteuliwa na Rais. Anayeendesha hospitali ni mtu mwingine, naye anaitwa Mganga Mfawidhi. Zahanati ina mfawidhi wake, kituo cha afya kina wake, hospitali ina wake.

Neno mfawidhi limetujia kutoka Kiarabu, na kiini chake ni kukabidhiwa: mfawidhi ni mtu aliyekabidhiwa mahali ili apaendeshe kwa niaba ya mwenye mamlaka. Mahakama inalitumia bila kuchanganya mambo. Jaji Mfawidhi anasimamia kanda yake ya Mahakama Kuu, na sijawahi kusikia mtu akimwita Jaji Mkuu. Kwenye afya tunashindwa kwa sababu vyeo vyote viwili vinaanza na mganga, na sikio linadhani mkuu ndiye mkubwa wa yule mwingine ndani ya jengo lile lile.

Historia nayo imechangia. Zamani Mganga Mkuu wa Wilaya ndiye aliyekuwa na hospitali ya wilaya mkononi. Asubuhi alipita wodini, mchana alifanya upasuaji, jioni akakumbuka kwamba ana zahanati huko milimani. Madaktari walikuwa wachache na hapakuwa na namna nyingine. Mageuzi ya sekta ya afya na ya serikali za mitaa yalipokuja miaka ya 1990, kazi hizo zilitenganishwa: hospitali ikapewa mfawidhi wake, na Mganga Mkuu akabaki na wilaya nzima, akisaidiwa na timu ya usimamizi wa huduma za afya ya halmashauri, ile CHMT. Katika timu hiyo utamkuta Katibu wa Afya, Muuguzi Mkuu, Mfamasia, Afisa Afya na wenzao. Ila ofisi hazikuhama kila mahali. Wilaya nyingi mpaka leo Mganga Mkuu amekaa ndani ya uzio wa hospitali, mlango wa tatu baada ya duka la dawa, na mgonjwa anayepita akasoma kibao anaamini amemwona mwenye hospitali.

Anayetaka kuuona mpaka huu vizuri aende Muheza. Hospitali Teule ya pale ni ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Tanga. Serikali iliiteua itoe huduma za hospitali ya wilaya badala ya kujenga yake, ndiyo maana ya teule, na mkoani Tanga watu wanaiita Teule tu. Katika hospitali ya namna hiyo mkuu wa shughuli za kila siku yuko chini ya mwenye hospitali, ambaye ni kanisa. Mganga Mkuu wa Wilaya ni mtumishi wa halmashauri. Hawezi kuwa mkubwa wa hospitali isiyo yake, lakini wajawazito wa Muheza wote ni dhamana yake, waliojifungulia Teule na waliojifungulia shambani.

Ngazi ya mkoa mpaka uko wazi zaidi. Mwishoni mwa 2017 Rais Magufuli aliagiza hospitali za rufaa za mikoa zitolewe TAMISEMI, yaani ofisi inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, na kupelekwa Wizara ya Afya. Tangu zilipohamishwa, Mganga Mfawidhi wa Sekou Toure, wa Maweni, wa Ligula au wa Mount Meru yuko chini ya Wizara ya Afya, wakati Mganga Mkuu wa Mkoa yule yule wa Mwanza, Kigoma, Mtwara au Arusha amebaki kwenye Sekretarieti ya Mkoa. Ni watu wawili walio chini ya mamlaka mbili, kila mmoja na bajeti yake. Kumwita mmoja kwa cheo cha mwenzake ni kumpeleka kwenye ofisi asiyokuwa na kiti.

Mgonjwa wa Mfawidhi ni yule aliyefika, na mgonjwa wa Mganga Mkuu ni hata yule asiyefika. Waulize waliowahi kwenda usimamizi shirikishi, yaani ziara ya timu ya halmashauri kukagua na kuelekeza, kwenye zahanati. Timu ikishuka kwenye gari inaanza na vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za kumbukumbu za huduma. Kitabu namba 6 kina wajawazito walioanza kliniki, na namba 12 kina waliojifungulia kituoni. Wanakaa kwenye benchi, kalamu mkononi, wanahesabu robo nzima ya mwaka ukurasa kwa ukurasa, na hesabu mbili zinawekwa pembeni. Ikiwa walioandikwa namba 6 ni wengi kuliko wa namba 12, swali linakuja lenyewe: hawa wengine walijifungulia wapi? Wengine walikwenda hospitali, sawa. Wengine walihamia kwa mama zao. Waliobaki walijifungulia nyumbani, na hakuna daktari aliyewagusa. Mfawidhi wa zahanati anaweza kuwa mtu mwema, mchapakazi, anayeamka usiku wa manane kila anapogongewa dirisha, na bado wanawake hao wasionekane kwenye kazi yake, kwa sababu hawakugonga. Kuwatafuta, kujua kama kilichowazuia ni mto uliofurika, nauli, lugha chafu ya mhudumu au chumba cha kujifungulia kisicho na taa, hiyo ndiyo kazi ya Mganga Mkuu.

Wazee walishatuambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mfawidhi anaganga yaliyoingia mlangoni. Mganga Mkuu yeye hasa ni wa yajayo: chanjo ya mtoto ambaye bado hajaugua, friji ya chanjo ambayo ikizima usiku mmoja inaharibu kazi ya miezi, choo cha shule, kisima kilichochimbwa karibu na makaburi, chumvi isiyo na madini joto sokoni. Ndiyo maana kwenye timu yake bwana afya ana kiti sawa na daktari. Na ndiyo maana kipindupindu kikiingia mtaani, kujaza dripu ni kazi ya kambi ya matibabu, lakini swali la watu wamekunywa maji gani ni la Mganga Mkuu.

Machi 2023 tuliliona jambo hili Kagera. Ugonjwa usiojulikana ulizuka Bukoba vijijini, kwenye kata za Maruku na Kanyangereko. Taarifa ya kwanza kwa taifa ilitoka kwa Mganga Mkuu wa Serikali wa wakati huo, Profesa Tumaini Nagu. Tarehe 21 Machi ikathibitishwa kuwa ni Marburg, homa kali ya virusi inayofanana na Ebola, kwa mara ya kwanza nchini. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6, mhudumu wa afya akiwa miongoni mwao. Idadi hiyo ilibaki ndogo kwa kazi ya aina mbili. Ndani ya wodi ya kutengwa palikuwa na madaktari na wauguzi waliovaa mavazi ya kujikinga, wakihudumia wagonjwa wa ugonjwa usio na dawa iliyoidhinishwa, na sitaki mtu aipunguze kazi hiyo hata kidogo. Nje ya wodi, zaidi ya watu 200 waliokuwa wametangamana na wagonjwa walifuatiliwa, kila mmoja kwa siku 21: anapimwa joto, anaulizwa hali, anarudiwa kesho yake. Hao hawakuwa wagonjwa na hawakuwa na faili hospitali. Hakuna mfawidhi ambaye angewajibika kwao kama pasingekuwa na ngazi ya waganga wakuu kuanzia wilaya hadi Dodoma. Tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha.

Upande wa fedha nao una mpaka wake, na wananchi wengi hawaujui. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ule unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, hata zahanati ya kijijini. Anayepanga matumizi yake ni mfawidhi pamoja na kamati ya usimamizi ya kituo, na kwenye kamati hiyo wamo wanakijiji wenyewe. Kwa hiyo godoro la wodini lililochanika, bomba linalovuja, karatasi za kuandikia vyeti, anzeni kwa mfawidhi na kamati yenu. Lakini mfawidhi haajiri mtu, wala hawezi kumtoa mkunga zahanati jirani akamleta kwake. Kumzonga kwa sababu mpo na muuguzi mmoja kwa vijiji vitatu ni kumwonea. Mgawanyo wa watumishi ndani ya halmashauri ni suala la Mkurugenzi akishauriwa na Mganga Mkuu, na ajira zenyewe zinatoka juu zaidi ya hapo. Nimeona viongozi wakimsimamisha Mganga Mkuu mbele ya umati ajibu kwa nini jana usiku mgonjwa alikaa saa mbili mapokezi, na hapo hapo hakuna aliyemuuliza kwa nini kata nzima haina chumba cha kujifungulia. Swali la kwanza lilikuwa la mfawidhi. La pili lilikuwa lake, nalo likapotea.

Madaktari vijana ndio ninaowafikiria zaidi ninapoandika haya. Miaka mitano ya chuo, mwaka wa utarajali, kisha mtu anapangiwa wilaya, anafanya kazi vizuri, mikono yake inasifiwa chumba cha upasuaji, na baada ya muda wanamtazama kama "anayefaa kuwa DMO". Uteuzi unachukuliwa kama zawadi ya utabibu bora. Halafu anakabidhiwa kuandaa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, kusoma takwimu, kujibu hoja za ukaguzi, kusuluhisha wafamasia na wafawidhi kuhusu maombi ya dawa kwenda Bohari ya Dawa, kuketi na madiwani. Anahangaika, na wilaya imempoteza mpasuaji wake bila kupata msimamizi. Huu ni utaalamu unaojitegemea, na unasomewa. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ina shule nzima ya afya ya jamii, na Chuo Kikuu Mzumbe kinafundisha usimamizi wa mifumo ya afya kuanzia shahada ya kwanza. Kijana anayependa kuuliza kwa nini watoto wa kata fulani wanaugua kuliko wa kata jirani, huyo aelekezwe huko mapema. Anayefurahia kumwona mgonjwa wake akiruhusiwa aachwe wodini, abobee, siku moja awe mfawidhi kama ana moyo wa kuendesha taasisi. Hakuna aliye chini ya mwenzake kwa heshima. Na Katibu wa Afya, ambaye kwenye maelezo mengi hata hatajwi, ndiye anayebeba utumishi na utawala wa idara hiyo. Nitamwandikia peke yake siku nyingine.

Niongeze kwamba haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wanasema Daktari Dhamana, na huko anaweza kuwa wa hospitali au wa wilaya, kwa hiyo malizia jina mpaka mwisho ndipo ujue ni yupi. Kenya mganga ni yule wa mitishamba, na tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti, wenye vyeo vyao tofauti.

Waandishi wenzangu, ukitoka hospitali ya wilaya na mahojiano yako, uliyezungumza naye huenda ni Mganga Mfawidhi wa Hospitali ya Wilaya. Muulize cheo chake kabla hujaagana naye, naye atakutajia kwa furaha. Ukihitaji kujua hali ya surua katika halmashauri nzima, hapo ndipo umtafute Mganga Mkuu. Na wewe unayeandika barua ya malalamiko, kama jambo lilitokea ndani ya jengo, ielekeze kwa mfawidhi. Kama ni kwamba kijiji chenu hakina jengo, mwandikie Mkurugenzi Mtendaji, nakala kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri.